Kuamua kama ujaribu kifaa cha kuchochea neva kwa maumivu sugu: mwongozo kamili

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo na mguu wake ukaendelea kuwaka moto, au mwenye kisukari ambaye nyayo humchoma usiku kucha hata shuka likimgusa analihisi kama miiba, huenda siku moja akaambiwa na daktari kwamba kuna kifaa kinachopandikizwa mwilini, ambacho hupeleka umeme mdogo karibu na uti wa mgongo ili kupunguza maumivu hayo. Wengi wanaoambiwa hivyo wamekwisha kuchoka, na aliyechoka hukubali upesi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa huyo na jamaa zake, wawe Uingereza au Marekani ambako tiba hii imezoeleka, au wawe Tanzania, Kenya na kwingineko Afrika Mashariki wakifikiria kusafiri hadi India kuifuata.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba maamuzi ni mawili. La kwanza ni kukubali jaribio, ambapo nyaya huingizwa mgongoni kwa sindano, betri hubaki nje ya mwili, na baada ya siku chache vyote huondolewa. La pili ni kukubali kupandikizwa kifaa chenyewe. Jaribio lililopimwa kwa makini linaweza kukuambia kuhusu mwili wako yale ambayo takwimu za wagonjwa wengine haziwezi kukuambia, na kwa sababu hiyo maandalizi ya jaribio yamepewa nafasi kubwa hapa kuliko upasuaji wenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha aina ya maumivu na chanzo chake

Kifaa hiki hufaa zaidi kwa maumivu yanayotokana na neva zilizoumia. Wagonjwa huyaeleza maumivu hayo kuwa ni ya kuungua, ya kuchoma, ya kupigwa shoti, au ganzi yenye kuuma, na mara nyingi hufuata njia ya neva, kwa mfano kutoka kiunoni kupitia paja na muundi hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Maumivu ya goti lililolika au ya misuli iliyokaza si shabaha yake ya kawaida. Wanaofikiriwa zaidi ni wenye maumivu ya mguu yaliyobaki au kurudi baada ya upasuaji wa mgongo, wenye maumivu makali ya mkono au mguu yanayoendelea baada ya jeraha kupona, ambayo madaktari huyaita CRPS, na, huko Marekani tangu 2021, wenye maumivu ya neva yanayoletwa na kisukari.

Kabla ya kufika kwenye kifaa, chanzo kinachotibika lazima kitafutwe. Kwa mtu aliyeishi Afrika Mashariki ningependa swali la kifua kikuu cha uti wa mgongo liulizwe waziwazi, hasa kama maumivu yanaambatana na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, kwa sababu ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa na daktari wa nchi ambako ni nadra anaweza kuchelewa kuufikiria. Mwenye kisukari anayetumia metformini kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo inaweza kuishusha, na upungufu wake pekee hutosha kuharibu neva. Dawa ya isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kuleta ganzi na maumivu ya miguu isipoambatana na vitamini B6, na virusi vya ukimwi navyo vinaweza kuharibu neva za miguu.

Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi katika sehemu za siri na makalio, au miguu kulegea ghafla ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Hali hizo hazisubiri kliniki ya maumivu.

Hatua ya 2: Pima kama tiba nyingine zilipewa nafasi ya kweli

Mwongozo wa NICE, taasisi inayoelekeza matumizi ya tiba katika huduma ya afya ya Uingereza, uliotolewa Oktoba 2008, unamtaja mtu mzima mwenye maumivu ya neva yanayofikia angalau 50 kwenye kipimo cha 0 hadi 100, yaliyodumu miezi 6 au zaidi licha ya tiba za kawaida, na ambaye jaribio la kifaa limemfaa. Hata kama unatibiwa kwingineko, kipimo hicho ni kizuri kujiwekea.

Maneno yenye uzito hapo ni «licha ya tiba za kawaida». Mara nyingi mtu husema amejaribu dawa zote, na daftari lake likifunguliwa inaonekana alimeza pregabalini kwa kipimo cha kuanzia kwa wiki mbili, akasinzia kazini, akaacha. Pregabalini, gabapentini, amitriptilini na duloksetini hupandishwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari, na huhitaji wiki kadhaa katika kipimo cha kutosha kabla ya kusemwa kwamba zimeshindwa. Andika kila dawa, kipimo cha juu ulichofikia, muda uliokaa nacho, na sababu ya kuiacha. Karatasi hiyo moja humsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima, na pengine itaonyesha kwamba bado kuna njia nyepesi ambayo haijapitiwa. Mazoezi ya tiba ya viungo na msaada wa mtaalamu wa saikolojia viandikwe vilevile.

Hatua ya 3: Elewa kifaa kinavyofanya kazi na ushahidi ulipofikia

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna mfano wa lango, na kwamba taarifa za mguso zinaweza kuzuia taarifa za maumivu zisipite kwenda kwenye ubongo. Miaka miwili baadaye, 1967, daktari wa upasuaji Norman Shealy huko Marekani alimpandikiza mgonjwa kifaa cha kwanza cha namna hii. Vifaa vya leo vina nyaya nyembamba zenye elektrodi, yaani ncha ndogo za kupitishia umeme, zinazolazwa ndani ya uwazi wa mifupa ya mgongo, nje ya utando unaofunika uti wenyewe, na kisanduku kidogo chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi ya tako au ubavu. Mgonjwa hukiendesha kwa rimoti. Aina ya zamani huleta hisia ya kutekenywa mahali penye maumivu, ilhali nyingine, zikiwemo zinazotumia mapigo 10,000 kwa sekunde, hazihisiwi kabisa. Kifaa hakitibu chanzo, na hata kikifanya kazi vizuri sana maumivu kwa kawaida hupungua bila kwisha.

Kuhusu ushahidi, utasikia sauti mbili zinazopingana, na zote zina msingi. Utafiti uliochapishwa 2007 uliwafuatilia wagonjwa 100 wenye maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo, na kufikia miezi 6, asilimia 48 ya waliopewa kifaa walikuwa wamepata nafuu ya angalau nusu ya maumivu ya mguu, wakati kwa waliobaki na tiba za kawaida ilikuwa asilimia 9. Utafiti wa 2021 wa watu 216 wenye neva zilizoharibiwa na kisukari ulionyesha kwamba kufikia miezi 3, asilimia 79 ya waliopewa kifaa cha mapigo 10,000 walipata nafuu ya nusu au zaidi bila hali ya neva zao kuzidi kuharibika, dhidi ya asilimia 5 ya wenzao.

Katika tafiti hizo, hata hivyo, kila mgonjwa alijua kama ana kifaa au hana, na matumaini ya mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji hupunguza maumivu kwa nguvu yake yenyewe. Watafiti wa Norway walifanya jambo gumu zaidi: waliwapandikiza wagonjwa 50 waliobaki na maumivu baada ya upasuaji wa mgongo, kisha wakawa wanakiwasha na kukizima kifaa kwa vipindi bila mgonjwa kujua. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2022, hayakuonyesha tofauti ya maana katika uwezo wa kufanya shughuli za kila siku. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, nayo yalisema kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono kukitumia kwa maumivu ya kiuno nje ya utafiti. Kwa CRPS, utafiti wa Uholanzi ulionyesha nafuu katika miaka ya mwanzo, lakini ilipofika miaka 5 tofauti na wasiopandikizwa ilikuwa imefifia.

Uamuzi wangu baada ya kuyapima haya ni kwamba mwenye maumivu ya mguu yenye sura ya neva ana sababu nzuri ya kufikiria jaribio. Mwenye maumivu ya kiuno pekee, ambaye mguu wake hauna shida, anapaswa kuwa mzito zaidi, na amtake daktari aeleze kwa nini anaamini kwamba yeye atanufaika.

Hatua ya 4: Tazama kama kuna kinachokuzuia

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hutakiwa kuzisimamisha kwa muda kwa mpango wa daktari, kwani damu ikivujia kwenye nafasi hiyo finyu inaweza kuubana uti wa mgongo na kuleta kupooza. Kama moyo wako hauruhusu dawa hizo zisimamishwe, jaribio huenda lisiwezekane. Maambukizi yoyote mwilini, hata jipu dogo, hutibiwa kwanza. Sukari iliyopanda huongeza hatari ya kidonda kuoza, na sigara huchelewesha kupona. Mwenye betri ya moyo, mjamzito, au anayetarajia kuhitaji kipimo cha MRI mara kwa mara aseme mapema.

Tathmini ya mtaalamu wa saikolojia huwaudhi baadhi ya wagonjwa, wakidhani wanaambiwa maumivu yao ni ya kufikirika tu. Katika kliniki nyingi ni sehemu ya kawaida ya maandalizi, na bima ya serikali ya Marekani, Medicare, huidai. Huzuni kubwa isiyotibiwa hufifisha matokeo ya kifaa, na kuigundua mapema ni kwa faida ya mgonjwa.

Hatua ya 5: Andika malengo kabla ya jaribio

Kliniki nyingi huhesabu jaribio kuwa limefaulu maumivu yakipungua kwa asilimia 50 au zaidi. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, mtu aliyetoka 8 hadi 4 akiwa bado hawezi kusimama jikoni hajapata alichokitafuta, na aliyetoka 8 hadi 5 akiwa sasa anatembea hadi sokoni na kurudi pengine amekipata.

Kwa siku 7 kabla ya jaribio, andika asubuhi, mchana na usiku kiwango cha maumivu, saa ulizolala bila kuamshwa, umbali uliotembea kabla ya kulazimika kukaa, na vidonge ulivyomeza. Kisha chagua mambo matatu unayotaka uweze kuyafanya, yawe ya maisha yako halisi na yawe yanapimika: kukaa kwenye basi la dakika 40 hadi kazini, kusimama muda wa swala ya tarawehe au ibada ya Jumapili, kulala saa 5 mfululizo. Mwonyeshe mwenzi wako au mtoto mkubwa karatasi hiyo na umwombe aandike ya kwake kwa siri wakati wa jaribio, kwa kuwa wanaoishi nasi huona tunavyotembea na tunavyokasirika kuliko tunavyojiona wenyewe.

Andika pia kiwango cha nafuu ambacho kisipofikiwa utasema hapana. Uandike kabla nyaya hazijaingia, wakati ambapo akili imetulia, kwa maana baada ya gharama, safari na dua za ndugu ni vigumu sana kumwambia mtu yeyote kwamba hukusikia nafuu.

Hatua ya 6: Litumie jaribio kama kipimo

Siku ya jaribio hulazwa kifudifudi, hupewa dawa ya ganzi na pengine ya kukutuliza, na daktari huziongoza nyaya kwa kutazama picha za eksirei. Kwa kifaa kinachohisiwa utaulizwa mtekenyo unaangukia wapi. Sema ukweli, hata kama chumba kizima kinakusubiri. Nyaya hubandikwa mgongoni kwa plasta, betri hufungwa kiunoni kama mkanda, nawe hurudi nyumbani kwa siku kati ya 3 na 10.

Katika siku hizo bandeji haitakiwi kulowa, kwa hiyo utajifuta kwa kitambaa badala ya kuoga. Kuinama, kujipinda na kuinua mikono juu ya kichwa kunaweza kuzisogeza nyaya. Mwislamu azungumze mapema na shehe wake kuhusu kuswali akiwa ameketi na kuhusu tayamamu, maana dini imempa mgonjwa ruhusa hizo na ni bora azijue kabla ya wakati wa swala kuingia. Mama mwenye mtoto mchanga apate mtu wa kumbebea, kwa kuwa mbeleko haitafaa.

Fanya yale mambo matatu uliyoyaandika. Kuna wagonjwa wanaolala wiki nzima wakilinda nyaya, kisha wanaripoti kwamba maumivu yamepungua, na hakuna awezaye kujua kama ni kifaa au ni mapumziko. Usipandishe wala usipunguze dawa zako bila kukubaliana na daktari, la sivyo hutajua kilichokusaidia ni kipi. Iwapo kifaa ni cha aina isiyohisiwa, uliza kama inawezekana kukizima kwa muda na kulinganisha, ukikumbuka kwamba nafuu inaweza kuchukua siku moja au zaidi kuonekana na saa kadhaa kutoweka. Baada ya nyaya kutolewa endelea kuandika kwa wiki nyingine. Maumivu yakirudi pale yalipokuwa ni dalili yenye nguvu kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi.

Homa, usaha, kichwa kinachouma zaidi ukisimama, au udhaifu mpya wa miguu uripotiwe mara moja, usiku au mchana.

Mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza kifaa huenda akawepo na akawa ndiye anayekurekebishia programu, hasa Marekani. Atakusaidia sana kuhusu rimoti na mipangilio, lakini ni mwajiriwa wa muuzaji. Swali la kama upandikizwe lijadili na daktari wako mkiwa wawili, au pamoja na ndugu yako.

Hatua ya 7: Fikiria miaka 10 mbele, mahali unapoishi

Baada ya kupandikizwa, kwa wiki 6 hadi 8 hutakiwi kuinama sana, kujipinda, wala kubeba zaidi ya kilo chache. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, na kuitwika kichwani kunahitaji kuinua mikono juu. Anayeishi mahali ambapo maji huchotwa ajipange na jamaa zake kabla. Matatizo ya baadaye si nadra. Katika ule utafiti wa 2007, karibu theluthi ya waliopandikizwa kifaa, asilimia 32, walipata tatizo linalohusiana na kifaa ndani ya miezi 12, na mengi ya matatizo ya aina hii ni waya kusogea au kukatika, maambukizi, au maumivu mahali penye kisanduku. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilieleza mwaka 2020 kwamba katika miaka 4 ilikuwa imepokea ripoti zaidi ya 107,000 kuhusu vifaa hivi, na ikawakumbusha madaktari wafanye jaribio kabla ya kupandikiza. Ripoti si uthibitisho kwamba kifaa ndicho kilichosababisha kila dhara, ila wingi wake unatosha kumfanya mtu aulize.

Betri isiyochajiwa hudumu miaka kadhaa, kisha kisanduku hubadilishwa kwa upasuaji. Inayochajiwa huweza kufika miaka 10 au zaidi, na huchajiwa kwa kuweka chaja juu ya ngozi, kwa baadhi ya vifaa kila siku na kwa vingine mara moja au mbili kwa wiki. Ambako umeme hukatika, swali hili ni la lazima.

Kwa anayesafiri kwenda India kisha akarudi nyumbani, hapa ndipo pa kusimama na kufikiri kwa muda mrefu. Kifaa huhitaji kurekebishwa mara kadhaa katika miezi ya mwanzo na mara kwa mara baada ya hapo, kwa kompyuta maalumu ya kampuni husika. Kabla ya kulipa chochote, pata kwa maandishi jina la hospitali iliyo karibu nawe yenye kompyuta hiyo na mtu anayeijua, au idadi ya safari za kurudi na gharama zake. Kama jibu ni kwamba utapigiwa simu tu, sikushauri uendelee.

Usikubali kamwe kutibiwa kwa mashine ya diathemi, ile ya kupasha misuli joto kwa mawimbi katika idara za tiba ya viungo, kwani joto linaweza kusafiri kwenye nyaya na kuunguza tishu zilizo karibu na elektrodi. Mwambie kila daktari wa upasuaji na kila fundi wa MRI kwamba una kifaa. Baadhi ya vifaa huruhusu MRI kwa masharti, vingine haviruhusu. Kadi ya kifaa itembee nawe, hata uwanja wa ndege.

Hatua ya 8: Kaa na daktari kwa lugha unayoielewa vizuri

Mswahili anayetibiwa Uingereza au Marekani anaweza kuomba mkalimani bila malipo, na hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kisheria kumpa. Mwombe siku ya kupanga miadi. Mtoto wa nyumbani asigeuzwe mkalimani wa jambo hili, kwa kuwa atapunguza makali ya hatari ili asimtishe mzazi wake, na mzazi ataficha ukubwa wa maumivu ili asimtie mtoto uchungu.

Ulizeni daktari amewapandikiza wagonjwa wangapi wenye hali kama yako, wangapi kati yao wamelazimika kufanyiwa upasuaji tena, na angefanya nini iwapo nafuu ingeisha baada ya mwaka. Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Kusema hapana baada ya jaribio lililofaulu ni haki yako, na kusema «nipe miezi 6 nifikirie» vilevile ni haki yako, kwa sababu maumivu ya aina hii, yakishachunguzwa na kujulikana, mara nyingi hayadai uamuzi wa haraka. Kifaa kikikataa kukusaidia kinaweza kutolewa kwa upasuaji mwingine, na kwa hiyo kabla ya kutia saini uliza ni nani atakayekitoa, wapi, na kama bima au mkataba wako umetaja gharama ya kukitoa.